Mlango Wazi na Meza ya Mshauri

Mwaka 1901, katika mji wa Joliet, jimbo la Illinois, vijana sita waliokuwa wamemaliza sekondari hawakwenda popote. Walibaki palepale shuleni kwao, katika jengo jipya la mawe, wakaanza masomo ya mwaka wa kwanza wa chuo kikuu. Joliet haukuwa mji wa wasomi. Ulijulikana kwa machimbo ya mawe ya chokaa, viwanda vya chuma na gereza kubwa. Chicago, kulikokuwa na chuo kikuu kipya kilichojengwa kwa fedha za John D. Rockefeller, ilikuwa umbali wa kilomita 60 hivi. Kwa mtoto wa mfanyakazi wa kiwandani, nauli, chumba na chakula cha mjini vilimzuia kabla hata mtihani wa kuingia haujamzuia.

Waliopanga jambo hilo walikuwa wawili: J. Stanley Brown, aliyekuwa akiiongoza shule hiyo, na William Rainey Harper, rais wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Chicago. Harper mwenyewe alikuwa mtoto wa ajabu. Alimaliza chuo akiwa na miaka 14, akapata udaktari Yale kabla ya kutimiza 20, akawa bingwa wa Kiebrania. Huyo ndiye aliyesaidia kuanzisha chuo ambacho kingekuja kuwapokea watu wote, wenye alama nzuri na wasio nazo.

Nia yake, hata hivyo, haikuwa moja. Alitaka vijana wa miji kama Joliet wapate elimu ya juu karibu na nyumbani. Papo hapo alivihusudu vyuo vikuu vya Ujerumani, ambako profesa alishughulika na utafiti badala ya kufundisha mambo ya sekondari. Kwa maoni yake, miaka miwili ya mwanzo ya chuo ilifanana zaidi na shule. Ingefundishwa kwingine, na wale watakaoivuka vizuri ndio wangepanda kwenda chuo kikuu. Kwa hiyo taasisi hii ilizaliwa ikiwa mlango na chujio kwa wakati mmoja, na ugomvi kati ya kazi hizo mbili haujaisha mpaka leo.

Mtanzania akisikia “chuo cha jamii” huenda akakumbuka Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilivyoanzishwa miaka ya 1970. Vya Marekani ni kitu kingine. Ni vyuo vya miaka miwili, vya umma, vyenye ada ndogo, ambavyo humpokea karibu kila aliyemaliza sekondari. Anayetaka ufundi au uuguzi anaupata humo. Anayetaka shahada ya kwanza hukusanya krediti kama 60, akatunukiwa shahada ndogo ya miaka miwili, kisha akahamia chuo kikuu kumalizia miaka miwili iliyobaki. Hivyo ndivyo ilivyo kwenye karatasi.

Katikati ya karatasi na mtu kuna meza, na nyuma ya meza hiyo ameketi mshauri wa masomo.

Kazi ya mshauri ina historia yake, na haikuanzia vyuo vya jamii. Katika vyuo vya kale vya Marekani hakukuwa na cha kushauri. Kijana aliingia, akasoma Kilatini, Kigiriki, hesabu na maadili kwa mpangilio uleule aliosoma kaka yake, akatoka. Mwaka 1841 chuo kidogo cha Kenyon, Ohio, kiliweka utaratibu wa kila mwanafunzi kujichagulia mwalimu mmoja awe mshauri wake. Habari hizo zinafahamika kwa sababu mwanafunzi mmoja alimwandikia mama yake barua kuzieleza. Mwanafunzi huyo, Rutherford B. Hayes, alikuja kuwa Rais wa Marekani. Lakini mshauri wa Kenyon alikuwa mlezi wa tabia zaidi ya kuwa mpangaji wa masomo.

Mambo yalibadilika Harvard, chini ya Charles Eliot, aliyekiongoza chuo hicho kuanzia 1869 hadi 1909. Eliot alivunja orodha ya masomo ya lazima na kuwaachia wanafunzi wachague wenyewe. Mwishoni mwa karne hiyo kilichobaki cha lazima kilikuwa karibu somo la uandishi wa Kiingereza tu. Vijana wakawa kama watu walioingizwa sokoni wakiwa na fedha mfukoni na hawajui bei. Wengine walichagua masomo kwa kuangalia kipindi kinaanza saa ngapi, wengine kwa kuangalia darasa liko ghorofa ya ngapi. Ndipo Harvard ilipounda bodi ya washauri wa mwaka wa kwanza, mwishoni mwa miaka ya 1880. Ushauri wa masomo, kwa maneno mengine, ni mtoto wa uhuru wa kuchagua. Kozi zinapokuwa nyingi, wanaopotea nao huwa wengi.

Wakati huo vyuo vya miaka miwili vilikuwa bado vichache. California ilipitisha sheria mwaka 1907 kuziruhusu sekondari zifundishe masomo ya chuo, na Fresno ikaanza mwaka 1910. Chicago nayo ikafungua Crane Junior College mwaka 1911. Viliitwa vyuo vidogo, na neno “vidogo” liliwauma wenyewe. Mwaka 1920 vikaunda umoja wao wa kitaifa.

Kauli kwamba hata chuo kidogo kina wanafunzi wa kutukuzwa ilitoka kwanza katika vyuo vya wasichana. Tarehe 19 Novemba 1918, siku nane baada ya bunduki kunyamaza Ulaya, wakuu wa vyuo vya wasichana vya miaka miwili vya jimbo la Missouri walikutana katika chuo cha Stephens, mjini Columbia. Umoja wa wanafunzi bora uliokuwapo nchini, Phi Beta Kappa, ulianza mwaka 1776 na ulikuwa kwa ajili ya vyuo vya miaka minne. Msichana wa Missouri aliyesoma kwa bidii miaka yake miwili akarudi nyumbani kuolewa au kufundisha shule ya msingi hakuwa na beji ya kuvaa kifuani. Wakaunda umoja wao, Phi Theta Kappa. Jina lilitokana na maneno matatu ya Kigiriki yenye maana ya hekima, ari na usafi. Mwaka 1929 umoja wa vyuo vidogo uliutambua rasmi, na hadi leo ndio unaopokea wanafunzi bora wa vyuo vya jamii, kwa kawaida wenye wastani wa alama 3.5 kwenda juu kati ya 4.

Beji ni jambo zuri, lakini beji hutolewa baada ya kazi. Swali lililofuata lilikuwa kama mwanafunzi mwenye uwezo afundishwe tofauti tangu mwanzo.

Jibu maarufu lilitoka Swarthmore, Pennsylvania, mwaka 1922. Rais wa chuo hicho, Frank Aydelotte, alikuwa mtoto wa Indiana aliyepata udhamini wa Rhodes akaenda Oxford. Huko aliona wanafunzi wachache wakikaa na mwalimu mmoja, wakisoma insha zao kwa sauti na kuzitetea. Aliporudi aliona wa kwao Marekani wakipigishwa kwata: kozi ileile, mwendo uleule, mtihani uleule, mwepesi akimsubiri mzito. Akaanzisha semina za watu wachache kwa wanafunzi wa miaka miwili ya mwisho, bila mitihani ya kila wiki. Mwishoni walihojiwa na watahini waliotoka vyuo vingine, ambao hawakuwa na sababu ya kuwapendelea. Vyuo vingi vilikuja Swarthmore kutazama, vikarudi kwao kuiga.

Kwa Kiswahili jina la mpango wa namna hiyo linasumbua. Ukiuita “programu ya heshima”, msomaji wa Dodoma au Nairobi atawaza shahada za heshima wanazotunukiwa marais na matajiri. Afadhali kusema madarasa ya wanafunzi bora, ingawa neno “bora” nalo lina kesi yake, na tutaifikia.

Vyuo vidogo havikuiga Swarthmore kwa haraka. Mwalimu wa chuo kidogo alifundisha madarasa matano kwa muhula, na wanafunzi wake walikuja kwa treni ya asubuhi wakaondoka kwenda kazini mchana. Semina ya Oxford inahitaji mtu mwenye muda wa kukaa. Hata hivyo vipaji vilipita humo bila kusubiri programu. Mwaka 1936 binti mmoja wa Chicago, Gwendolyn Brooks, alihitimu Wilson Junior College, chuo cha miaka miwili cha upande wa kusini wa jiji. Chuo cha miaka minne hakuwahi kusoma. Mwaka 1950 akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Pulitzer, kwa mashairi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mlango ulifunguka kwa kishindo. Sheria ya mwaka 1944 iliwalipia askari waliorudi vitani ada za chuo. Mwaka 1947 tume iliyoundwa na Rais Truman, chini ya mwenyekiti George Zook, ilitaka elimu ya juu imfikie kila Mmarekani mwenye uwezo, na ikalieneza jina jipya la “chuo cha jamii”. California iliandika mpango wake mkuu mwaka 1960. Thuluthi ya juu ya wahitimu wa sekondari ingegawanywa kati ya mitandao miwili ya vyuo vikuu, na mwenye nia ya kusoma miongoni mwa waliobaki angekuta nafasi katika chuo cha miaka miwili. Katika muongo huo wa 1960 vilifunguliwa vyuo vya jamii 457, karibu kimoja kila wiki.

Ndipo mtaalamu mmoja wa sosholojia alipoenda kukaa karibu na meza ya mshauri na kutazama.

Burton Clark alichunguza chuo cha miaka miwili cha San Jose, California, akaandika kitabu na makala, vyote vikatoka mwaka 1960. Alichokiona kilikuwa hiki. Wengi wa walioingia walisema wanataka kuhamia chuo kikuu. Wengi wao hawakuhamia. Mlango uko wazi, watu wameingia kwa maelfu, lakini mlango wa pili, ule wa chuo kikuu, ni mwembamba. Hawa wanaobaki katikati hawapigi kelele. Kwa nini?

Clark alifuatilia hatua moja baada ya nyingine. Kwanza mwanafunzi anafanya mtihani kabla ya kuanza, na alama zikiwa ndogo anapelekwa madarasa ya kurudia Kiingereza na hesabu. Kisha anakaa na mshauri, ambaye faili lake lina alama zile. Mshauri hasemi “huwezi”. Anasema, umewahi kufikiria kozi za fundi sanifu? Halafu kuna somo la kujitambua, ambamo mwanafunzi mwenyewe anapanga uwezo wake mbele ya ndoto zake na kuona kama vinalingana. Alama zikishuka, anapata notisi ya kumtaka ajirekebishe na nakala inaingia kwenye faili. Baadaye anawekwa chini ya uangalizi. Hakuna siku anayofukuzwa. Polepole ndoto ya uhandisi inakuwa ndoto ya ufundi, na mwenye ndoto anaamini kwamba aliibadilisha mwenyewe.

Jina alilolipa jambo hili ndilo lililochoma. Clark aliliita kupoza. Aliliazima kwa Erving Goffman, ambaye mwaka 1952 aliandika kuhusu matapeli. Goffman alieleza kwamba genge likishamla mtu fedha zake, mmoja wao hubaki nyuma na aliyetapeliwa. Anampa pole, anamfariji, anamshauri ayachukulie mambo kifalsafa, ili asije akaenda polisi. Huyo ndiye mpozaji. Kumfananisha mshauri wa masomo na mpozaji wa genge la matapeli ni matusi makubwa, na washauri wengi waliyapokea kama matusi. Clark mwenyewe hakuwa akiwalaumu. Aliona kwamba wanafanya kazi ambayo jamii imewapa bila kuitamka. Nchi imeahidi kila mtu nafasi, nafasi hazitoshi, lazima awepo mtu wa kuifikisha habari hiyo kwa upole.

Inafaa kusema kwamba mshauri wa siku zile hakuwa na nafasi kubwa ya kufanya vingine. Picha inayojulikana kwa yeyote aliyepita vyuo hivi ni ya wiki ya mwisho ya Agosti. Foleni imetoka nje ya ofisi, imezunguka korido. Aliyefika mezani ana ratiba ya kazi ya dukani imekunjwa mfukoni, ana mtoto wa kumpeleka kwa bibi saa kumi, na anataka kozi yoyote iliyo Jumanne na Alhamisi asubuhi. Mshauri ana robo saa. Anatazama kitabu cha kozi, anamwandikisha saikolojia, historia na hesabu ya kurudia, anapiga muhuri. Hakuna aliyeuliza chuo kikuu gani anataka kwenda, wala kama chuo hicho kitaipokea ile saikolojia. Miaka miwili baadaye ndipo swali hilo hujibiwa, na mara nyingi krediti kadhaa hubaki njiani bila kupokelewa.

Mwaka 1972 Terry O'Banion, mtu aliyeutumikia ulimwengu wa vyuo hivi maisha yake yote, alitoa makala fupi iliyoupindua mpangilio huo. Alisema kumchagulia mwanafunzi kozi na kumpangia ratiba ni hatua za mwisho. Kwanza azungumzishwe kuhusu maisha anayoyataka, kisha kazi, kisha fani, ndipo kozi, ndipo saa. Mwaka huohuo Burns Crookston aliandika kwamba kushauri ni aina ya kufundisha. Mwaka 1979 washauri wa vyuo vyote vya nchi walikuwa wameshaunda chama chao cha kitaaluma. Makala ya O'Banion husomwa hadi leo na wanaoingia kazi hiyo. Kukubaliana nayo ni rahisi. Kuitekeleza kunataka washauri, na washauri ni mishahara. Katika vyuo vingi mshauri mmoja aliendelea kuhesabiwa wanafunzi kwa mamia, pengine zaidi ya elfu.

Upande wa pili wa jengo, ule wa wanafunzi bora, mambo yalikwenda vingine.

Oktoba 1957 Warusi walirusha Sputnik, na Marekani ikaingiwa na hofu kwamba imewasahau watoto wake wenye akili. Fedha zikapatikana kwa sheria ya mwaka 1958. Joseph Cohen wa Chuo Kikuu cha Colorado akaongoza kamati ya vyuo vikuu kuhusu wanafunzi wenye uwezo wa juu, na kamati hiyo ilipoisha, mwaka 1966 likazaliwa baraza la kitaifa la programu za wanafunzi bora. Vyuo vikuu vya umma vilikimbilia kufungua madarasa ya wanafunzi bora, kwa kuwa vilitaka kushindana na Harvard na Swarthmore kwa bei ya serikali.

Vyuo vya jamii vilisita. Kesi ya neno “bora” ndiyo hii. Chuo kinachojisifu kwamba mlango wake uko wazi kwa wote, kitawezaje kujenga chumba cha ndani chenye funguo? Waliopinga walisema ni kuleta matabaka mahali palipoundwa kuyaondoa. Waliounga mkono walijibu kwamba kuwachukulia wanafunzi wote wa chuo cha jamii kuwa dhaifu ndilo tabaka lenyewe. Mtoto mwenye alama za juu anaweza kuwa pale kwa sababu baba yake kafukuzwa kazi, au kwa sababu familia ilifika nchini mwaka jana. Wa pili walikuwa na ushahidi mzuri. Eileen Collins wa Elmira, New York, alihitimu chuo cha jamii cha Corning mwaka 1976 kwa sababu kwao hakukuwa na fedha za zaidi. Mwaka 1999 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza chombo cha anga cha Marekani cha kwenda na kurudi.

Kilichoamua kesi, hata hivyo, hakikuwa hoja. Katika miaka ya 1980 idadi ya vijana waliomaliza sekondari ilipungua, vyuo vikaanza kugombania wanafunzi, na chuo cha jamii chenye madarasa ya wanafunzi bora kikawa na kitu cha kumwonyesha mzazi. Vyuo vikuu navyo viliona faida. Mwaka 1985 UCLA ilianzisha makubaliano na vyuo vya jamii vya California: mwanafunzi akimaliza programu ya wanafunzi bora chuoni kwake, ombi lake la kuhamia UCLA hupewa kipaumbele. Chuo kidogo kikapata barua ya utambulisho kwenda chuo kikubwa. Chujio la Harper likapata kazi mpya.

Miami ndiko jambo hili lilikofika mbali. Miami Dade kilifungua madarasa yake mwaka 1960, wakati Wakuba waliokimbia mapinduzi walikuwa wakimiminika jijini. Mmoja wao, Eduardo Padrón, aliwasili mwaka 1961 akiwa kijana wa miaka 15, akaanzia elimu yake ya juu hapohapo. Mwaka 1995 alikuwa mkuu wa chuo hicho chote, akakiongoza hadi 2019. Chini yake, mwaka 2002, kilianzisha chuo cha ndani kwa ajili ya wanafunzi bora, chenye udhamini na uongozi wake. Mnara wa Uhuru uliopo katikati ya Miami, ambamo wakimbizi wa Kuba walipokelewa na kuandikishwa miaka ya 1960, leo ni mali ya chuo hicho.

Ukiingia katika darasa la namna hiyo, hutaona maajabu. Kuna watu 20 badala ya 35. Viti vimepangwa duara. Mwalimu hasimami sana ubaoni. Ameleta hati halisi, tuseme hotuba au takwimu za sensa, na wanafunzi wanabishana juu yake. Asiyepata darasa lenyewe huweza kuandikiana mkataba na mwalimu wa darasa la kawaida: atafanya utafiti wa ziada, wataonana kila baada ya wiki mbili, na kozi itaandikwa kwenye cheti kwa alama maalumu. Wanafunzi wanajuana majina. Zaidi ya yote, kuna mshauri wao peke yao, anayejua nani anaomba chuo gani, barua ya nani haijaandikwa, na nani amekosa darasa tangu Jumatatu.

Hapo ndipo mwandishi anayeipitia historia hii anapokuna kichwa. Vitu hivyo vyote, yaani kundi dogo, mwalimu anayekufahamu na mshauri mwenye muda, walipewa wale ambao pengine wangefika hata bila hivyo. Waliobaki, ambao kosa moja la kozi huwagharimu muhula mzima, waliachiwa foleni ya Agosti. Mwaka 2015 watafiti watatu wa kituo cha utafiti wa vyuo vya jamii katika Chuo Kikuu cha Columbia, Thomas Bailey, Shanna Jaggars na Davis Jenkins, walikifananisha chuo cha jamii na mkahawa wa kujipakulia: sahani unayo, vyakula vimetandazwa, hakuna anayekwambia kipi kinashibisha na kipi kinaumiza. Walitaka njia chache zilizonyooka badala ya kozi mia zilizotawanyika. Ni ugonjwa uleule wa Harvard ya Eliot, ila safari hii mgonjwa hana baba wa kumlipia akirudia mwaka.

Jaribio lililoonyesha nini kinaweza kufanyika lilikuwa limeshaanza New York mwaka 2007, katika vyuo sita vya jamii vya chuo kikuu cha jiji, CUNY. Linajulikana kwa kifupi kama ASAP. Waliopimwa katika utafiti mkubwa hawakuwa wanafunzi bora. Walikuwa watoto wa familia za kipato kidogo, tena waliohitaji kurudia Kiingereza au hesabu. Walitakiwa kusoma muda wote, si kwa vipande. Ada iliyozidi msaada wa serikali ililipwa, vitabu vilitolewa bure, na madarasa yalipangwa ili wenzao wa programu wakae pamoja. Kila mwezi walipewa kadi ya treni na basi, lakini kadi hiyo ilimhitaji mtu awe amehudhuria anavyopaswa, ikiwa ni pamoja na kuonana na mshauri. Kwa jiji kama New York, kadi ya treni ni kishawishi kinachoshinda hotuba kumi.

Mshauri wa ASAP katika utafiti huo alikuwa na wanafunzi kati ya 60 na 80. Mshauri wa kawaida wa vyuo hivyohivyo alikuwa na kati ya 600 na 1,500. Katika mwaka wa kwanza mwanafunzi wa ASAP aliripoti kuonana na mshauri mara 38 kwa wastani, na mwenzake wa nje ya programu mara 6. Wanafunzi walikuwa wamegawanywa kwa bahati nasibu, kwa hiyo hakuna wa kusema kwamba wenye bidii ndio walioingia. Baada ya miaka mitatu, waliohitimu ndani ya programu walikuwa asilimia 40, nje yake asilimia 22. Vyuo vitatu vya Ohio vilipojaribu vilevile, idadi ya wahitimu ilikaribia kuwa mara mbili.

Programu hizo zina gharama, na nyingi hufa fedha za wafadhili zikiisha. Kwa nchi nzima hali bado ni ile ya foleni. Kati ya kila wanafunzi 100 walioanza chuo cha jamii kwa mara ya kwanza mwaka 2015, 31 hivi walihamia chuo cha miaka minne, na 16 tu ndio waliokuwa na shahada ya kwanza baada ya miaka sita.

Takwimu hizo si za watu wa mbali. Wakenya na Watanzania wengi waliofuata masomo Marekani walianzia vyuo hivi kwa sababu ya ada, hata kama nyumbani waliandika tu kwamba “niko chuo”. Wakongo waliofika Kentucky, Texas na Ohio kama wakimbizi, wakizungumza Kiswahili nyumbani, hupeleka watoto wao huko huko. Mtoto huyo mara nyingi ndiye wa kwanza katika ukoo kukaa mbele ya meza ya mshauri, na amelelewa kutomuuliza mkubwa maswali mengi.

Kama una ndugu anayeanza mwaka huu, mwambie asisubiri Agosti. Aende Aprili, foleni haijaanza. Abebe jina la chuo kikuu anachotaka kuhamia, aulize kozi kwa kozi kama krediti zake zitapokelewa kule, na jibu aliombe kwa maandishi. Asipoelewa, arudi tena wiki inayofuata. Muda wa mshauri ameshaulipia ndani ya ada. Na kabla hajainuka kitini aulize kama chuo kina madarasa ya wanafunzi bora na sharti la kuingia ni nini, maana hakuna atakayemfuata kumwambia.